Frigo mpya nyumbani Lubumbashi: mwongozo kamili, toka katoni hadi umeme unapokatika

Frigo yetu ya kwanza, pale Katuba, iliishi miezi mitano tu. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi, mara tatu ndani ya dakika chache. Moteri ikanguruma, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, kisha ikanyamaza. Bei aliyotutajia fundi ilikaribia bei ya kununua nyingine, basi mama akaigeuza kabati ya unga, ikabaki hivyo miaka. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba frigo huchomolewa umeme unapokatika. Ndiyo maana nimeandika haya kwa urefu, kwa yule ambaye sasa hivi ana katoni kubwa sebuleni na watoto wanaizunguka wakiuliza itawashwa lini.

Kwanza elewa inavyofanya kazi

Frigo haitengenezi baridi. Inatoa joto lililo ndani na kulimwaga nje. Ukilishika jambo hili, mengi nitakayosema huko mbele utaweza kuyakisia mwenyewe.

Kumbuka muuguzi anapokupaka alkoli kabla ya sindano: ngozi inasikia baridi, ingawa chupa yenyewe ilikuwa mezani, na joto lake ni lilelile la chumba. Alkoli inapokauka inageuka mvuke, na ili igeuke mvuke inakula joto la ngozi yako. Ndani ya mabomba ya frigo kuna gesi inayofanya hivyohivyo, ila hii haipotei hewani, inazunguka. Kompresa, lile dude jeusi la chini kwa nyuma tunaloliita moteri, inaikandamiza gesi hadi inapata joto kali. Gesi hiyo inapita kwenye mabomba ya nyuma, au yaliyofichwa ndani ya mbavu za frigo, inaacha joto lake hapo na kuwa maji. Kisha inapenyezwa kwenye kibomba chembamba sana, inaingia upande wa ndani, inageuka mvuke tena, na safari hii joto inalokula ni la samaki wako na maji yako ya kunywa.

Kwa hiyo ukigusa ubavu wa frigo mpya ukakuta una joto, usishtuke. Ni joto lililotoka ndani. Na ukiacha mlango wazi ukitumaini jikoni patapoa, patazidi kupata joto, kwa sababu kinachotolewa mbele kinamwagwa nyuma, na joto la moteri linaongezeka juu yake.

Dukani, kabla ya kulipa

Tafuta kibandiko kilichoko ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma. Kina herufi ambazo wauzaji wengi hawazisomi, nazo kwa mji wetu zina maana kubwa. Herufi hizo zinaonyesha frigo imetengenezwa kwa hewa ya namna gani: N ni kwa chumba chenye joto la digrii 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43, na SN inaanzia digrii 10 hadi 32. Ukiona SN-T, inabeba yote, kuanzia 10 hadi 43.

Watu hudhani hapa kwetu shida ni joto la mwezi wa 10 tu. Lakini Lubumbashi iko juu, mita kama 1200 hivi, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 baridi inashuka chini ya digrii 10. Jikoni yenye dirisha lisiloziba vizuri inapoa mno. Nitarudi kwenye hili, kwa sababu kila wakati wa baridi kuna watu wanaoita fundi bure.

Angalia pia nyota za sehemu ya barafu. Nyota 1 ni digrii 6 chini ya sifuri, nyota 2 ni 12 chini ya sifuri, nyota 3 ni 18 chini ya sifuri. Nyota 4 ni 18 vilevile, ila hiyo ina nguvu ya kugandisha chakula kibichi toka mwanzo. Ukitaka kuweka tomsoni, wale samaki wa kugandishwa, za mwezi mzima, chukua ya nyota 4. Ya nyota 1 ni ya barafu za kunywea na kitu cha siku chache.

Halafu fishi, ile ya kuchomeka kwenye prizi ya ukutani. Frigo nyingi zinazouzwa hapa zimepitia mpakani Kasumbalesa zikitoka kusini, au zimeletwa kutoka Dubai, na fishi zake hazilingani na prizi zetu: za Afrika Kusini zina meno matatu manene ya mviringo, za Dubai zina meno matatu ya bapa. Muuzaji atakupa adapta ndogo. Mimi siipendi hata kidogo. Inalegea, inapata moto, na mara nyingi inaikata waya ya ardhi, ile inayokulinda usipigwe na umeme ukigusa mlango kwa mkono wenye maji. Afadhali fundi wa umeme akubadilishie: waya ya kahawia ni ya umeme unaoingia, ya bluu ni ya kurudi, ya kijani na njano ni ya ardhi. Lakini muulize kwanza muuzaji kama kukata fishi kunavunja garantii, na jibu aliandike kwenye fakturi.

Njiani na mahali pa kuiweka

Isafirishe ikiwa imesimama. Ndani ya moteri kuna mafuta, na ukiilaza frigo yanahama na kuingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiiwasha hapohapo, moteri inazunguka bila mafuta yake. Kama imesafiri imesimama, iache itulie saa 3 au 4. Kama ililazwa kwenye mkokoteni au ndani ya gari dogo, ngoja siku nzima, saa 24. Watoto watalia. Waache walie.

Ondoa kila kitu cha safari: sponji ya chini, utepe unaoshika rafu, plastiki. Wako wanaoacha plastiki mlangoni kwa miezi ili frigo ionekane mpya. Uchafu na unyevu hujificha humo, na penye mpira wa mlango plastiki hiyo inazuia mlango kufunga sawasawa.

Mahali: mbali na mbabula (jiko la makaa), mbali na resho (jiko la umeme), mbali na jua la dirisha. Acha nafasi ya vidole vinne au zaidi nyuma na pembeni, na wazi ya kutosha juu. Joto lile linalomwagwa linahitaji pa kwenda. Nimeona frigo nzuri imebanwa kwenye kona, juu yake kitambaa cha kufuma, televisheni na albamu ya arusi, na mwenyewe analalamika kwamba haigandishi.

Isimame sawa sakafuni, mbele pakiwa juu kidogo tu kuliko nyuma, ili mlango ukiuachia ujifunge wenyewe. Miguu ya mbele inazungushwa kwa mkono. Kisha ifute ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye bikarbonati kidogo, uikaushe. Usitumie javeli wala sponji ya chuma.

Umeme: hapa ndipo frigo zetu zinapofia

Umeme wetu ni wa volti 220 kwa karatasi. Kwa kweli, jioni mtaa mzima ukiwasha resho, unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Taa inavumilia, moteri haivumilii. Moteri isiyopata volti za kutosha inashindwa kuanza, inanguruma tu, na waya zake za ndani zinapata moto.

Umeme ukirudi ghafla kuna hatari nyingine. Moteri inaposimama, gesi iliyokandamizwa bado iko upande mmoja wa mabomba, ikisukuma. Inahitaji dakika kadhaa ili pande zote mbili zilingane. Ukiiwasha kabla ya hapo, moteri inalazimika kuanza ikiwa na mzigo mgongoni; inavuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida. Ina kifaa kidogo cha kuikinga kinachokata, ndiyo ile tak! unayosikia. Lakini ikirudiwa siku baada ya siku kinga hiyo nayo inachoka. Frigo yetu ya Katuba ilikufa hivyo.

Basi fanya hivi. Umeme ukikatika, chomoa fishi. Ukirudi, ngoja dakika 10 uone kama umetulia, ndipo uchomeke. Fundisha kila mtu nyumbani, hata mtoto wa miaka 8 aweze.

Kwa kuwa huwezi kuwa nyumbani kila saa, nunua stabilizateri, kifaa kinachosawazisha volti kabla hazijafika kwenye frigo. Hii ni fedha ambayo nakuomba usiikwepe, hata kama itakubidi uchukue frigo ndogo zaidi. Nyingi zina kitufe cha muda wa kungojea, chenye namba mbili, mara nyingi 6 na 180. Hizo ni sekunde. Duka linakuachia kwenye 6, kwa sababu mteja anapenda kuona taa inawaka upesi. Wewe iweke kwenye 180, yaani dakika 3 kamili kabla frigo haijapewa umeme. Kwa frigo ndogo ya mlango mmoja mimi sishuki chini ya VA 1000 (VA ni kipimo cha nguvu ya stabilizateri), na kwa ya milango miwili nachukua 2000, kwa ajili ya ule mvuto mkubwa wa kuanza. Usichomeke pasi wala resho kwenye stabilizateri hiyo. Wala usipitishe frigo kwenye ralonji nyembamba inayopita chini ya zulia. Ralonji ikiwa na joto mkononi, ujue inakula volti na inaweza kuwasha moto.

Kuiwasha mara ya kwanza

Iwashe ikiwa tupu, mlango umefungwa, na uiache angalau saa 6. Usiku mzima ni bora zaidi. Kisha ingiza vitu kidogo kidogo, leo maji na mboga, kesho nyama. Ukiijaza siku ya kwanza kwa kreti nzima ya vinywaji vya joto na kilo 10 za samaki, itahangaika siku mbili na samaki wa katikati watakuwa wameanza kuharibika.

Kile kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 7, au 1 hadi 5, si digrii. Namba inavyopanda, baridi inaongezeka. Anza katikati. Unachotafuta ni digrii 4 hivi upande wa chini, ule usiogandisha, na 18 chini ya sifuri kwenye sehemu ya barafu. Kama una kipimajoto, kitumbukize kwenye glasi ya maji katikati ya frigo, ukisome kesho yake asubuhi. Hewa peke yake inakudanganya kila ukifungua mlango.

Sasa lile la majira. Katika frigo nyingi za kawaida, kinachoamua moteri izunguke au isimame ni kipimo kilicho sehemu ya chini, si kwenye barafu. Wakati wa baridi, jikoni pakiwa na digrii 12, sehemu ya chini inabaki baridi yenyewe, kipimo kinasema tumeshiba, na moteri inalala saa nyingi. Huku juu, barafu inalainika. Mwenye nyumba anaona samaki wamelegea, anasema gesi imeisha. Gesi haijaisha. Panda namba moja au ihamishe frigo penye joto kidogo. Na mwezi wa 9 na wa 10, joto likipanda, watu hufanya kinyume: wanaipeleka mwisho wa namba. Moteri haipumziki tena, ukuta wa nyuma unaganda, mboga zinaungua kwa baridi. Tunza mlango na nafasi ya nyuma kwanza, kisha upandishe namba moja tu.

Kuhusu sauti: maji yanayotiririka, tak ya kuanza na kusimama, na mlio wa plastiki inayojinyoosha, yote ni ya kawaida. Matone kwenye ukuta wa nyuma ni ya kawaida pia kama frigo yako si ile isiyotengeneza barafu ukutani. Yanateremka kwenye katundu, yanafika kwenye kisahani juu ya moteri, na joto la moteri linayakausha. Ukikuta maji chini ya droo ya mboga, katundu kameziba. Kazibue kwa kijiti laini cha plastiki na maji ya uvuguvugu.

Kupanga chakula

Nyama mbichi na samaki mbichi wakae chini kabisa, ndani ya sahani yenye kingo, ili maji yao yasidondokee chakula kingine. Vilivyopikwa vikae juu. Mlangoni ndipo penye joto zaidi, weka huko maji, mayonezi na vitu vya chupa.

Tomsoni ukiinunua sokoni inakuwa imeshaanza kuyeyuka, na njiani toka soko la Kenya, hapahapa mjini, hadi nyumbani inayeyuka zaidi. Ile iliyolegea kabisa ipike siku hiyohiyo au kesho yake. Ile ambayo bado ni ngumu, yenye barafu, isafishe upesi, igawe kwa fungu la mlo mmoja, ibonyeze kwenye mfuko iwe bapa, uirudishe kwenye barafu. Mfuko bapa unaganda haraka na siku ya kupika unachukua mmoja tu, huhitaji kuyeyusha bonge zima. Samaki au kuku mbichi asikae upande wa chini zaidi ya siku 2. Nyama ya ng'ombe inaweza kufika 3 hata 5. Chakula kilichopikwa, siku 3 au 4.

Sombe iliyotwangwa inaganda vizuri sana, hata ikiwa mbichi. Twanga ya wiki mbili kwa siku moja, igawe. Muhogo mbichi hauvumilii, baada ya siku mbili tatu unaanza kuwa na mistari myeusi. Umenye, ukate, uweke kwenye barafu. Uyoga wa masika uweke kwenye karatasi, usiuoshe kwanza. Lengalenga na matembele vikaushe maji kabla ya kuvifunga kwenye kitambaa. Vitunguu, viazi, ndizi na nyanya zisizoiva viache kwenye kikapu. Baridi inaviharibia ladha.

Sufuria ya moto usiiingize. Inapasha joto kila kilicho jirani na mvuke wake unageuka barafu ukutani. Lakini usiache pia chakula mezani usiku kucha eti kipoe: vijidudu vinazaana haraka kati ya digrii 5 na 60. Tia sufuria ndani ya beseni la maji, koroga, gawa kwenye vyombo vidogo, na ndani ya saa 2 kiwe kimeingia.

Chupa ya kioo, ya bia au ya sukari (soda), usiisahau kwenye barafu. Maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9 na chupa inapasuka. Na kama unataka kuuza maji ya baridi mtaani, inunulie biashara hiyo kongelateri yake, yaani frigo ya kugandisha tu. Frigo ya nyumba inayofunguliwa mara 60 kwa siku haiwezi kulinda nyama ya watoto.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu

Usifungue. Mlango ukibaki umefungwa, upande wa chini unalinda chakula saa 4 hivi. Barafu iliyojaa inafika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo nafasi yoyote tupu kwenye barafu ijaze chupa za plastiki zenye maji, bila kuzifikisha ukingoni. Umeme ukikatika, teremsha mbili upande wa chini kwa haraka.

Ukisafiri kwenda Likasi au Kolwezi siku kadhaa, utajuaje kama umeme ulikatika nyuma yako? Gandisha maji kwenye kikombe, weka kijiwe juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi, kijiwe kikiwa juu, mambo ni salama. Kikiwa chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena: nyama hiyo itupe, hata kama sura yake ni nzuri. Najua inavyouma kutupa nyama. Kuharisha kwa mtoto kunauma zaidi.

Barafu nene, vumbi na mpira wa mlango

Barafu ikifikia unene wa kidole, inakuwa kama blanketi: baridi haipiti. Chomoa, toa vyote, weka bakuli la maji ya moto ndani, tandika vitambaa, ngoja. Kisu marufuku. Nyuma ya barafu ile kuna bati laini lenye mabomba ya gesi, na kisu kikigusa mara moja frigo imekwisha. Frigo nyingi za siku hizi zina gesi iitwayo R600a. Ni kidogo, makumi ya gramu tu, lakini inashika moto. Ukisikia pssss, fungua madirisha, usiguse swichi, toa mbabula nje.

Kuanzia mwezi wa 5 mpaka mvua za kwanza, vumbi jekundu linaingia kila mahali. Mara mbili kwa mwaka chomoa frigo, ivute, pangusa mabomba ya nyuma kwa brashi laini.

Mpira wa mlango upime kwa noti: funga mlango ukiwa umeibana noti ya faranga 500, kisha vuta. Ikitoka bila kupinga, hewa inaingia hapo. Osha mpira kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, upime tena pande zote nne.

Ukilazimika kuita fundi

Ukimwita, mwambie volti za nyumbani kwako, saa ambazo moteri inazunguka, na umwonyeshe kibandiko chenye jina la gesi. Gesi ya frigo haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari; inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inaweza kukaa humo miaka yote ya frigo. Ikiwa imepungua, kuna tundu. Fundi anayefika na chupa ya gesi, akajaza na kuomba malipo bila kutafuta tundu, ataitwa tena baada ya wiki chache, nawe utalipa mara ya pili. Mwombe akuonyeshe tundu liko wapi na ameliziba vipi, na kwamba gesi anayojaza ni ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ndipo umlipe.